Asiyekuwapo na Lake Halipo?

Miaka michache iliyopita nililetewa kwa barua pepe kijikaratasi cha maelezo ya dawa ya watoto, nikitie katika Kiswahili. Kazi ilitoka Dar es Salaam, nami nilikuwa hapa Utemini, mjini Singida, katika chumba changu chenye dirisha moja linalotazama majabali. Zilikuwa kurasa mbili tu, na mtu aliyefasiri kwa zaidi ya miaka ishirini haoni kurasa mbili kuwa ni mzigo. Nilimaliza kabla ya adhuhuri, nikaisoma kazi yangu mara mbili, nikaridhika, nikaipeleka.

Jioni alipita jirani yangu, mama mmoja auzaye vitunguu sokoni, na kwa kuwa mjukuu wake alikuwa na homa, nikaona nimsomee kile nilichokifasiri. Nikafika pale niliposema: mpe mtoto dawa kila saa sita. Akanikatiza kwa upole: "Saa sita mchana au saa sita usiku, Mwalimu?"

Mwalimu ndilo jina analoniita, ingawa sijapata kufundisha darasa lolote, na mwenyewe niliishia darasa la saba. Jioni ile jina hilo lilinichoma. Kwa Kiingereza maneno yalikuwa yamesema kwamba dawa itolewe kila zipitapo saa sita, yaani mara nne kwa mchana na usiku. Kwa Kiswahili changu, mama yule alisikia kwamba dawa itolewe mara moja kwa siku, saa sita ikigonga. Mtoto angepata robo ya dawa aliyoandikiwa, na mama yake angekuwa ametii nilichokiandika, neno kwa neno. Nilipiga simu Dar es Salaam usiku ule ule. Karatasi zilikuwa bado hazijaingia mtamboni. Tukarekebisha, yakaisha.

Lakini kwangu hayakuisha. Nilijiuliza, na ningali najiuliza, kosa lile lilitokana na nini. Lugha naijua, na wala sikuwa na haraka siku ile. Kilichokosekana ni mtu. Katika ofisi niliyofanya kazi zamani, kijikaratasi kama kile kingepita mikononi mwa watu wanne kabla hakijatoka mlangoni, na mmoja wao asingekosa kuuliza swali la muuza vitunguu. Nyumbani nilikuwa peke yangu, na mtu aliye peke yake hujielewa daima.

Ndipo nilipoikumbuka methali ambayo sote tuliifunzwa utotoni: asiyekuwapo na lake halipo. Nilikuwa nikiidhani ni methali ya mgawo wa nyama, kwamba aliyechelewa shughulini asinung'unike akikuta sinia tupu. Sasa naiona ni swali zito la kimaadili, na linawahusu watu wengi zaidi kila mwaka, kwa sababu kazi nyingi za kalamu na hesabu sasa zaweza kufanywa mbali na mahali zinapohitajiwa. Je, kuwapo ni sehemu ya kazi? Au kazi ni kile kinachotoka mkononi mwa mtu, popote mkono huo ulipo?

Kabla ya kujibu, na tuitazame lugha yetu, kwani mara nyingi imetangulia kufikiri. Kwa Kiswahili mtu huhudhuria kazini, na jina lake huandikwa katika daftari la mahudhurio. Neno hili tumelichukua kutoka Kiarabu, na ndugu zake wa shina moja ni hadhara, yaani mbele za watu, na hadhira, yaani watu wenyewe wanaosikiliza. Kwa hiyo anayehudhuria amejitia mbele ya masikio ya wengine. Upande wa pili liko neno ghaibu, yaani kutokuwapo, ambalo limetupa ughaibuni, huko waliko ndugu zetu wa Maskati, London na Toronto. Hata hivyo shina hilo hilo la kutokuwapo limetupa usemi mwingine: mwanafunzi aliyehifadhi sura au shairi twasema analisoma kwa ghibu. Kitabu hakipo mbele yake, lakini kimekaa moyoni. Basi lugha yakubali mambo mawili kwa pamoja, kwamba asiyekuwapo amekosa hadhira, na kwamba kisichoonekana kwa macho chaweza kuwapo kwa ukamilifu zaidi ya kinachoonekana.

Nianze na utetezi wa ghaibu, maana ndio uliopo karibu na moyo wangu. Msomaji asidhani kufanya kazi kwa mbali ni jambo lililozaliwa na kompyuta. Pale Lamu aliishi Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, mshairi, mchonga mbao na mwandishi wa hati ambaye mkono wake ulikuwa mzuri mno. Huyu alinakili tenzi kwa hati ya Kiarabu, akazipeleka kwa posta hadi Uingereza kwa William Hichens na wataalamu wengine waliozitaka, naye akilipwa. Yeye alikaa Lamu na mnunuzi akakaa Ulaya, na kati yao palikuwa na bahari na majuma ya kungoja. Sehemu kubwa ya karatasi zile imehifadhiwa hadi leo katika chuo cha SOAS, London. Hakuna aliyemwekea Kijuma daftari la mahudhurio, wala hakuna aliyemchungulia dirishani kuona kama yuko mezani. Kilichomhukumu kilikuwa hati yenyewe.

Na sisi washairi je? Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, mashairi yalilifikia kwa barua kutoka pwani na bara. Watunzi ambao hawakupata kuonana kwa macho walisalimiana, walikosoana na kujibizana humo. Utungo ulifunga safari, mtunzi akabaki kwao. Mimi wa Singida, niliyejifunza arudhi kwa redio na vitabu vya kuazima, ni mtoto wa utaratibu huo. Lau ingekuwa lazima kila mtunzi ahudhurie barazani Mombasa au Unguja ndipo ahesabiwe mshairi, watu wa bara tusingekuwa na lo lote la kusema.

Liko pia jambo la heshima. Niliiona ofisi kwa miaka mingi, na najua inavyoweza kumdhalilisha mtu. Nani asiyemjua yule mtumishi atundikaye koti kwenye kiti saa mbili asubuhi kisha akaenda kwenye shughuli zake? Koti liko kazini, mwenyewe hayuko, na anayeuliza huambiwa, "Yupo, ametoka kidogo tu." Koti lile ni matokeo ya kuthamini kuonekana kuliko kutenda. Ukimpima mtu kwa kiti, atakuachia kitu cha kukaa kitini. Na aliyemwambia mwenzake, "Nenda ukafanye kazi hii kwako, uniletee Ijumaa," amempa amana. Mtu aliyeaminiwa, aghalabu, hujisimamia kwa ukali kuliko msimamizi yeyote. Nimewahi kukesha nikitafuta neno moja, na hakuna mkuu wa ofisi ambaye angethubutu kuniamuru nifanye hivyo.

Sitaki kusahau wala yale madogo yaliyo makubwa. Aishiye Dar es Salaam na kufanya kazi katikati ya jiji hula saa nyingi za uhai wake ndani ya daladala. Mimi saa zile nilizipewa tena. Nimezitumia kumuuguza mzee wangu hadi siku yake ya mwisho, na kutembea kando ya Ziwa Singidani jioni, upepo wa Singida ukinipangia mizani. Nani atasema hizo ni saa zilizoibwa kazini?

Lakini haki yataka mizani yenye sahani mbili. Yako mambo matatu yanayonisumbua.

La kwanza ni mipaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, na saa tisa kwa siku. Sheria hiyo ilimwazia mtu aingiaye mlangoni na kutoka mlangoni. Nyumbani mlango huo haupo. Simu huita saa nne usiku, na anayepiga hajidhani kuwa ameingia nyumbani kwa mtu bila ya hodi. Na hapa wanawake huumia kuliko sisi. Mwanamume akifunga mlango wa chumba, watoto huambiwa wanyamaze, baba anafanya kazi. Mwanamke akikaa mezani na kompyuta yake, watu husema yuko nyumbani, basi atazame na maharage jikoni. Kazi mbili zimekutana katika mwili mmoja, na moja tu ndiyo yenye malipo.

La pili ni utegemezi. Tulidhani tumejitenga na ofisi, kumbe tumejifunga kwa kamba ndefu zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zipitazo chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Mimi niliye mamia ya maili kutoka pwani, ambaye bahari naiona kwa nadra, nilikaa mbele ya meza nikiwa sina kazi kwa sababu ya kitu kilichotokea kilindini. Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wazee, na siku ile nilijiona mimi ndiye fimbo.

La tatu ndilo lizito, nalo ni deni. Niruhusiwe kulieleza kwa urefu kidogo.

Nilianza kazi nikiwa tarishi. Nilibeba mafaili na chai, nikapeleka barua kwa miguu katika jua la Dar es Salaam. Katika ofisi ile alikuwamo mfasiri mmoja mzee, mtu wa pwani, mkimya. Alikuwa akikosea neno huikunja karatasi na kuitupa kapuni. Jioni nilipomwaga makapu, nilizikunjua zile karatasi, nikazilinganisha na maandiko ya Kiingereza yaliyobaki mezani, nikaona neno alilolikataa na neno alilolipokea. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Siku moja alinikuta. Nilidhani ningefukuzwa. Akavuta kiti cha pili, akaniambia, "Keti, mwanangu. Kwa nini unadhani nimelikataa hili?" Tangu siku ile hakutupa tena karatasi kapuni, alizipanga pembeni kwa ajili yangu.

Watu huniita mfasiri aliyejifundisha mwenyewe, nami nimeliacha jina hilo linishike kwa kuwa lapendeza. Si kweli. Nilifundishwa na kapu la taka na kiti cha pili. Na sasa nauliza: lau mzee yule angekuwa akifanya kazi nyumbani kwake, akipeleka kwa barua pepe maandiko yaliyokamilika, yasiyo na dalili hata moja ya neno lililokataliwa, mimi ningekuwa wapi? Ningekuwa tarishi hadi leo. Bali hata tarishi nisingekuwa, kwani mahali ambapo hakuna ofisi hakuna wa kutumwa.

Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wale wasemao kwamba ofisi ni jengo tu, na kwamba tukipata umeme na intaneti tumeshaikomboa kazi. Ofisi, pamoja na masengenyo yake na makoti yake vitini, ni mahali ambapo asiyejua humwona anayejua akikosea. Anayejua hawezi kuficha kosa lake lote, na katika ufa huo mwanafunzi hupenya. Sisi tulioondoka tukiwa tumeshahitimu tumekwea ngazi kisha tukaivuta juu. Wala hatukufanya hivyo kwa ubaya. Tulitaka utulivu tu. Lakini ubaya mwingi duniani hutendwa na watu waliotaka utulivu tu.

Kuna atakayesema: mbona Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, hakuufunzwa ushairi na ofisi? Ni kweli, karani na mshairi walikuwa watu wawili katika joho moja, na kazi yake kubwa haikuandikwa kwa ajili ya forodha. Nami sisemi kwamba ofisi huzaa vipaji. Nasema kwamba kwa yule asiye na shule, asiye na jina na asiye na wa kumshika mkono, kukaa karibu na kazi ya watu wengine kumekuwa mlango, na anayeufunga ana wajibu wa kuonyesha amefungua upi badala yake.

Basi tuseme kila mtu arudi ofisini? La hasha. Hapo ndipo naona kwamba swali letu tumeliuliza vibaya tangu mwanzo. Tumeuliza nyumbani au ofisini, kana kwamba nyumba ni upweke na ofisi ni ujamaa. Pwani yetu haikupata kuwa hivyo. Mabibi waliosuka ukili walifanya kazi nyumbani, lakini si peke yao. Ukili ulikwenda nao barazani kwa jirani, na binti aliyekaa miguuni pao alijifunza kusuka kabla hajajua kuwa anafundishwa. Washona kofia hali kadhalika. Ilikuwa kazi ya nyumbani yenye macho mengi.

Na huku bara tunalo la kwetu. Jina la mtaa wangu, Utemini, limebeba utemi ndani yake. Utemi kama mamlaka ya kiserikali ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, lakini neno moja la watemi limebaki katika kila taarifa ya habari. Neno hilo ni ikulu, ambalo asili yake ni makazi ya mtemi. Mtemi alikaa hapo na familia yake, na hapo hapo alisikiliza mashauri ya watu. Kumbe afisi iliyo kubwa kuliko zote nchini (naiandika kwa tahajia ya Visiwani, ili nisiwe mgeni asiye na adabu) jina lake ni jina la nyumba. Kilichoifanya nyumba ile kuwa mahali pa kazi hakikuwa kuta wala viti. Ni kwamba mlango wake ulikuwa na watu wenye haki ya kuingia na kusema.

Huo ndio mzani ninaoushika sasa. Siulizi tena kama mfanyakazi yuko wapi. Nauliza ni nani mwenye haki ya kumkatiza. Muuza vitunguu aliponikatiza, chumba changu kiligeuka ofisi kwa dakika moja, na dakika hiyo ilikuwa na thamani kuliko saa zote za asubuhi. Kinyume chake, najua ofisi zenye watu arubaini ambamo hakuna awezaye kumuuliza mkubwa swali. Humo watu wote wamehudhuria na kila mmoja yu ghaibu.

Baada ya jioni ile nilifanya mambo mawili madogo, nayasimulia bila kujisifu, maana yalichelewa. La kwanza, situmi tena kazi inayohusu afya, haki au fedha za watu kabla sijamsomea kwa sauti mtu atakayeitumia. Jirani yangu hulipwa kwa kunisikiliza. Alikataa mwanzoni, nikamwambia kwamba sikio nalo lina jasho lake. La pili, niliitoa meza nje, nikaiweka barazani, nikaweka na kiti cha pili. Kwa miezi miwili kiti kile kilikaliwa na kuku. Kisha akaja binti wa mtaani aliyemaliza kidato cha nne, hana pa kwenda, akauliza ninachoandika. Sasa huja mara mbili kwa juma. Maneno niliyoyakataa siyafuti tena kwenye kompyuta. Nayachapa kwenye karatasi nikiyapiga mstari ili ayaone. Sijui kama atakuwa mfasiri. Juma lililopita alinionyesha neno ambalo nimekuwa nikilitumia vibaya kwa miaka kumi.

Methali basi niisome upya. Asiyekuwapo na lake halipo: kweli, lakini kuwapo si kukaa kitini. Yuko aliyekuwapo kwa barua kutoka Lamu hadi London, na yuko aliyekosekana akiwa amevaa tai mbele ya meza yake. Deni langu kwa yule mzee wa pwani, ambaye sasa ni marehemu, halilipiki kwake. Lalipika kwa atakayekaa kiti cha pili tu. Na kwa kuwa jarida hili lina wasomaji wanaoijua sheria ya kujibizana, naliweka swali langu hapa kwa ubeti, kama walivyofanya waliotangulia, nami nangoja majibu yenu yanikute huku kwenye upepo:

Kazi haina makazi, hukaa penye amana,
Nyumbani sina mlezi, wala wa kusemezana,
Ofisi nayo ni ngazi, hupandwa kwa kushikana,
Niambieni wajuzi, ni wapi tutakutana?